Kaka Niliyemwita Jirani

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka. Imechapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Katibu aliponiomba niseme maneno machache leo, aliniambia niwaeleze vijana siri ya kufaulu katika maisha. Nilikubali, nikaenda nyumbani, nikakaa na karatasi tupu siku tatu. Kila nilipotaka kuandika habari za kufaulu kwangu, kalamu iliniandikia habari za mtu mwingine. Mtu huyo ni kaka yangu, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 75. Mwishowe nikaamua kuifuata kalamu. Mniwie radhi kama hii siyo hotuba mliyoitazamia. Mwisho wake ninalo ombi moja, na ombi hilo ndilo hasa lililonileta.

Kaka yangu alisoma hapa. Wengi wenu hamkulijua jambo hilo, na sababu ya kutolijua ni mimi, kama mtakavyosikia. Aliingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari 1965, akitokea kwetu Ifakara, sanduku la bati kichwani na viatu vikining'inia shingoni. Viatu vile alivivaa alipofika langoni tu, maana aliona ni hasara kuvichakaza njiani bure.

Alikuwa mtu wa kazi na mtu wa furaha, na katika maisha yangu yote sijaona mwingine aliyeviweka viwili hivyo katika mfuko mmoja kama yeye. Darasani alikuwa hodari wa hesabu. Uwanjani alicheza beki, na inasemekana alikuwa akimchekesha mshambuliaji mpaka anasahau mpira. Usiku wa Jumamosi aliruka ua. Wazee wenzangu mnakumbuka kwamba Morogoro wakati ule ulikuwa mji wa dansi. Kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na kulikuwa na Morogoro Jazz. Kijana mwenye masikio mazuri akilala bwenini akasikia gitaa kwa mbali, usingizi hauji. Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965, kaka hakula chakula cha jioni siku mbili, na kwa mtu aliyependa maharage ya shule kama yeye, hiyo ilikuwa matanga kamili.

Alikamatwa mara nyingi, na adhabu yake ilikuwa kufyeka majani nyuma ya mabweni. Basi alichukua kwanja, akaanza kuimba huku akifyeka kwa kufuata mdundo. Wanafunzi walitoka madarasani kumtazama, wengine wakachukua makwanja wakaingia katika mstari. Siku moja mwalimu wa zamu alikuta watu kumi na mmoja wakifyeka, na aliyeadhibiwa ni mmoja. Majani ya wiki nzima yalikwisha kabla ya adhuhuri. Habari hii sikuisikia kwake. Niliikuta hapa shuleni nilipoingia, inasimuliwa bado.

Mwezi Novemba 1966 baba yetu alifariki. Alimwacha mama na watoto wanne, na kaka ndiye mkubwa. Ada za sekondari Serikali ilikuwa imekwisha kuzifuta, kwa hiyo shule haikumfukuza mtu. Lakini ada siyo njaa. Nani angelima mpunga wa mama? Nani angetoa nauli, sabuni, daftari na shuka? Kaka alimaliza mtihani wa Kidato cha Pili mwezi ule ule, akarudi nyumbani, akaliweka sanduku lake chini ya kitanda changu. Akaniambia, "Bwana mdogo, hili sasa ni lako. Lina kutu kidogo pembeni, lakini njia ya Morogoro linaijua." Nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikafurahia sanduku. Sikuuliza linaachwa kwa nini.

Miaka minne alilima, akavua, akabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nikachaguliwa kuja hapa mwezi Januari 1969. Tarehe 26 Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walizindua ujenzi wa reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilometa 1,860, kwa mkopo wa Wachina usio na riba. Zambia haikutaka kuitegemea njia ya kusini kwa sababu ya utawala wa walowezi wa Rhodesia, na shaba yake ilitafuta bahari. Mataifa makubwa yalikuwa yamesema reli hiyo haina faida. Wachina walisema itajengwa. Reli ilikuwa ipite karibu na kwetu, na mwanzoni mwa mwaka 1971 kaka akaenda kuandikishwa kazi.

Alianza kwa jembe na beleshi, akichimba na kujaza tuta. Kisha akapewa kazi pamoja na fundi mmoja wa Kichina wa kutandika reli. Hawakuwa na lugha. Fundi alishika, kaka akashika. Fundi alipima, kaka akapima. Akikosea, fundi alifumua kazi yote akaanza upya bila kugomba. Kaka alisema ile ndiyo sekondari yake ya pili, tofauti ni kwamba huku hakuna kengele ya kumaliza kipindi. Baada ya miezi michache fundi alijua kusema "rafiki, pole pole", na kaka alijua kusema "pengyou" na maneno mengine ambayo hakukubali kunitafsiria.

Mwishoni mwa mwaka 1971 reli ilifika Mlimba. Kutoka hapo hadi Makambako ni kilometa kama 158 tu, lakini ndicho kipande kilichokuwa kigumu kupita vyote. Milima imesimama wima, mabonde yana kina, udongo ni matope matupu. Mahandaki mengi ya reli nzima yako katika kipande hicho, na madaraja yake mengine yamesimama juu ya nguzo ndefu kupita miti. Kazi ilikwenda mchana na usiku kwa zamu. Kaka aliniandikia barua: "Mdogo wangu, mlima huku unatoka jasho kuliko sisi. Tunaingia handakini kukiwa na jua, ndani tunanyeshewa, tunatoka nje jua bado linawaka. Usimwambie mama." Ndani ya kila barua mlikuwa na noti iliyokunjwa mara nne. Kwa noti hizo nilinunua viatu, nilinunua kalamu ya wino, nikawa kijana nadhifu wa Kidato cha Nne, tena kiranja.

Sasa nafika mahali pagumu.

Mwaka 1972 tulikuwa na siku ya wazazi. Mama alikuwa hawezi, hakuweza kusafiri. Sikumtazamia mtu. Mimi kiranja nilipewa kazi ya kuwapokea wageni pale langoni, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, pamoja na wenzangu wawili ambao baba zao walikuwa watu wa maofisi. Saa nne hivi nikamwona mtu anakuja barabarani kwa miguu. Amevaa nguo za kazi, buti zimeganda udongo mwekundu hadi magotini, na kichwani kofia pana ya majani kama wavaayo Wachina. Mkononi ana kuku amefungwa miguu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akadandia lori hadi Mikumi, na lori jingine hadi mjini, ili mdogo wake asikose mtu siku ya wazazi.

Mwenzangu mmoja akacheka, akaniuliza, "Huyu naye ni nani?"

Nikasema, "Ni jirani yetu kule nyumbani."

Ndugu zangu, kumbukeni mwaka wenyewe. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitano. Elimu ya Kujitegemea tuliikariri. Asubuhi ile ile tulikuwa tumeimba, kwa sauti nne, kuwasifu wakulima na wafanyakazi. Na mfanyakazi mwenyewe alipofika langoni, aliyeninunulia shati nililovaa, nilimwona haya.

Alikuwa amekwisha fika karibu. Alinisikia. Nilijua amenisikia kwa sababu alisimama kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kisha akacheka kicheko chake kile kile, akawapa wenzangu mkono, akasema, "Naam, mimi ni jirani. Nyumba yangu na yao ni ukuta mmoja. Nimetumwa kuku." Wakacheka wote. Katika muda wa dakika kumi alikuwa amewafundisha kuhesabu Kichina hadi tano, na walimpenda kuliko walivyonipenda mimi.

Lakini halikuishia hapo. Mwalimu wetu wa hesabu, mzee aliyekuwapo hapa tangu zamani, alipita akamtazama sana. Akamwuliza, "Kijana, wewe si yule mfyekaji wangu? Si ulisoma hapa ukaondoka Kidato cha Pili?" Mimi moyo ulinidunda, maana kama angekubali, jina la ukoo lingetajwa, na uongo wangu ungeanikwa mbele ya wenzangu. Kaka alinitazama mara moja tu. Akavua kofia, akasema kwa adabu, "Hapana, Mwalimu. Umenifananisha. Mimi shule hii sikusoma."

Mwalimu akaenda zake akitikisa kichwa. Kaka akanikabidhi kuku, akanibana noti mkononi, akaondoka kabla ya chakula, akisema ana zamu. Hakukaa hata kuniona nikipokea zawadi ya hesabu. Na ile hesabu, yeye ndiye aliyenifundisha, kwa kijiti, juu ya vumbi la uwanja wa mama.

Tangu siku ile hakuniita tena "bwana mdogo" mbele za watu. Aliniita "Jirani". Barua zake zilianza "Mpendwa Jirani". Nilipomaliza Chuo Kikuu, alipanda jukwaani kwenye karamu akasema, "Jirani yetu huyu ametupa sifa." Nilipooa, alimwambia mke wangu, "Shemeji, karibu mtaani." Watu walicheka, nami nilicheka, lakini mimi peke yangu nilijua ninachekea nini. Watoto wake waliniuliza, "Baba mdogo, kwa nini baba anakuita jirani?" Mimi, msomi wa familia, sikuwa na jibu.

Reli ilifika Kapiri Mposhi mwaka 1975, na mwezi Julai 1976 ikakabidhiwa kwa nchi mbili zetu. Wachina wengi walirudi kwao. Zaidi ya 60 hawakurudi, walifia kazini. Wengi wao wamelala katika makaburi yao kule Gongo la Mboto, na kaka kila alipofika Dar es Salaam alikwenda kuwaamkia kwanza, ndipo aje kwangu. Alisema mgeni aliyekufa akikujengea nyumba humpiti bila hodi.

Yeye alibaki katika genge la njia, akapanda mpaka akawa mnyapara. Kazi ya genge ni kutembea. Wanaikagua reli kwa macho na kwa nyundo, wanakaza, wanapanga kokoto, wanatazama taruma moja moja. Reli ile ina upana wa milimeta 1,067 kutoka chuma hadi chuma, na upana huo lazima ubaki ule ule mlimani na bondeni. Aliwafundisha vijana wake hivi: "Vyuma viwili hivi ni ndugu. Hawagusani, lakini mmoja akisogea bila mwenziwe, gari linalala." Huko bonde la Kilombero masika hayana mchezo, maji hula tuta usiku watu wakiwa wamelala. Usiku mmoja alikuta udongo umekwenda na reli inaning'inia hewani, naye akakimbia na taa gizani kuisimamisha garimoshi iliyokuwa inakuja. Aliisimamisha. Alipokuwa akisimulia habari hiyo, sehemu ya garimoshi ilichukua dakika moja, na sehemu ya buti lake lililobaki matopeni ilichukua nusu saa, maana alidai chura alilihamia na akagoma kutoka.

Nilijaribu kumwomba radhi mara moja tu. Nilishuka Mlimba kumtembelea, tukakaa nje jioni, nikasema, "Kaka, ile siku ya wazazi..." Akaninyamazisha kwa mkono. Akauliza, "Siku ile wewe ulikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kumi na minane. "Na mimi?" Nikasema ishirini na minne. "Basi mkubwa alikuwa nani? Mzigo hubebwa na mkubwa. Lete chai, Jirani." Akacheka. Nilishukuru, nikadhani yamekwisha. Sasa najua kwamba yeye alisamehe, lakini mimi nilikuwa sijasema. Kusamehewa neno ambalo hujalitamka ni kama kulipiwa deni dukani bila wewe kwenda: muuza duka bado anakutazama.

Alistaafu, akarudi kwenye mpunga wa mama. Alilima, aliimba kwaya, alicheza ngoma na wajukuu mpaka miguu ilipokataa. Mwaka 2023 aliugua miezi michache, akafariki.

Vijana, pengine baadhi yenu hamjaona mazishi yenye watani wa kweli. Kwetu marehemu hazikwi na machozi peke yake. Watani walikuja. Mmoja alivaa kofia ya kazi ya kaka na mabuti yake, akapuliza kipenga, akaingia kaburini na kijiti akaanza kupima. Akapaza sauti, "Nani amechimba hili? Geji hii ya reli gani? Mzee wetu wa Tazara mnataka kumlaza kwenye reli ya kati?" Mjane mwenyewe alicheka, machozi yakimtoka.

Ulipofika wakati wa kutia udongo, wakaitwa wana ukoo. Nikapiga hatua. Mtani akanizuia kwa kijiti. "Bado," akasema. "Kwanza tunamtaka jirani wa marehemu. Jirani wa ukuta mmoja. Yuko hapa?"

Watu wakanyamaza. Walio wengi hawakujua maana yake. Nikasema, "Niko."

"Basi lipa faini, kisha useme kwa sauti, wasikie hata walioko barabarani: huyu tunayemzika ni nani wako?"

Nikalipa. Nikasema, "Ni kaka yangu. Tumbo moja, ziwa moja." Sauti haikutoka vizuri. Mtani akasema, "Barabarani hawajasikia." Nikasema tena. Na mara ya tatu nililia kwa nguvu, mimi mzee wa miaka sitini na tisa, mbele ya kijiji kizima. Ndipo akaondoa kijiti, akanipa njia.

Baada ya matanga shemeji aliniambia kwamba kaka mwenyewe ndiye aliyewaagiza watani, alipokuwa kitandani. Aliwaambia, "Msimwonee. Lakini msimwachie." Kisha shemeji akanipa karatasi aliyoikuta katika vitu vyake, imekunjwa mara nne kama zile noti. Ni ripoti ya shule hii, Kidato cha Pili, mwaka 1966. Katika hesabu alikuwa wa kwanza. Na pale palipoandikwa mwenendo, mwalimu ameandika: "Mchangamfu kupita kiasi. Anafanya kazi."

Miaka hamsini na zaidi aliitunza ripoti ya shule ambayo, kwa ajili yangu, alisema hakuisoma.

Ndugu Mwenyekiti, sasa ombi langu. Katika kitabu cha wanafunzi wa zamani jina la kaka yangu halimo. Najua kwamba kwa desturi tumewaandika waliomaliza Kidato cha Nne. Siombi aandikwe kuwa alimaliza, maana hakumaliza. Naomba aandikwe kwamba alikuwapo, miaka miwili, 1965 na 1966, na ripoti hii nimeileta kuwa ushahidi. Yeye aliukana ukweli wake hapa hapa langoni ili kunisitiri mimi. Mimi nimekuja kuurudisha pale pale. Na nadhani siyo yeye peke yake. Kila mmoja wetu wazee akitazama nyuma, ataona yuko mtu aliyekatiza njia yake ili sisi tupite. Kama mkutano utaridhia, ufunguliwe ukurasa wa hao wote.

Nanyi vijana, Katibu alitaka niwape siri ya kufaulu. Sina siri. Ninayo habari hii tu. Siku ya wazazi ijayo, akija mtu langoni kwa miguu, ana udongo kwenye viatu na kuku mkononi, nendeni mkamlaki barabarani kabla mwenzenu hajauliza ni nani. Mtajeni kwa cheo chake: baba, mama, kaka, dada, mjomba. Ni neno moja tu, halina gharama. Mimi nililitamka kwa kuchelewa miaka hamsini na mmoja, tena kwa faini.